Bustani ya sherehe ipo shambani, lakini kwenye simu ya mteja haipo

Leo tunaweka mbegu na mbolea pembeni kidogo, ila shambani hatutoki. Naongea na wale wenzetu waliotenga kipande cha shamba, wakaotesha nyasi, wakasimamisha banda au hema, na sasa wanapokea harusi, send-off, kipaimara, semina na vikao vya vikundi.

Kwenye kata ninazozungukia huku Meru naona wanaongezeka, na sababu inaeleweka. Kahawa inalipa kwa msimu. Mche wa parachichi uliobebeshwa unakula miaka kama mitatu kabla hujauza tunda la maana. Ada ya shule haisubiri hata muhula mmoja. Bustani ya sherehe inaleta hela katikati ya misimu, na mgeni akifika anaweza kuondoka na mkungu wa ndizi au lita ya asali.

Sasa swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Mtaalamu, eneo langu zuri, nyasi nimekata, vyoo nimejenga, mbona watu hawaji?" Mara nyingi jibu langu ni swali: je, mtu ambaye hakujui kabisa, akiwa na simu yake tu, anaweza kukupata na kufika getini kwako bila kumpigia mtu yeyote? Kama hawezi, shida haiko kwenye nyasi.

Harusi inaanzia kwenye kikao

Fikiria jinsi watu wanavyochagua ukumbi siku hizi. Kamati ya harusi inakaa kikao cha kwanza, mwenyekiti anauliza, "Ukumbi tunafanyaje?" Mmoja anataja hoteli aliyoizoea, mwingine anasema ni ghali. Hapo kijana mmoja anatoa simu, anaandika "bustani ya harusi Usa River" au "wedding garden Arusha", anaanza kusoma majina kwa sauti. Katika dakika tano hizo kuna kumbi tatu au nne zitakazoingia kwenye orodha ya kutembelewa. Kama wewe haumo, hutajua hata kama kikao kilifanyika.

Semina ndiyo zaidi. Mratibu wa mradi aliyeko Dodoma au Dar es Salaam anatafuta sehemu ya kufundishia wakulima 40 kwa siku mbili. Hana shangazi Tengeru wa kumuuliza. Ana simu na tarehe.

Mama mmoja na pini iliyokaa shuleni

Nina mkulima mmoja ninayemtembelea, mama wa kahawa, migomba na ng'ombe wawili wa maziwa. Alikopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, akajenga vyoo sita na banda la kuhifadhi watu 200. Marejesho ni kila mwezi. Tangu Januari mpaka katikati ya masika alipata shughuli mbili tu, zote za watu wa kanisani kwake. Alikuwa ameshaanza kufikiria kumuuza ng'ombe mmoja.

Tukakaa chini ya mwembe na binti yake wa kidato cha nne, tukatafuta ile bustani kwenye simu kama watu wasioijua. Tulichokikuta ni hiki. Kwenye bango la barabarani kuna jina moja, kwenye ukurasa wa Facebook jina lingine, na kwenye kadi alizochapisha kuna jina la marehemu mume wake. Namba ya simu iliyoko Facebook ilikuwa ya laini iliyopotea. Kwenye ramani ya Google bustani ilikuwepo kweli, ila pini ilikuwa imekaa kwenye shule ya msingi, ng'ambo ya korongo. Kwa kunguru ni mita mia kadhaa. Kwa gari lazima urudi mpaka lami na kuzunguka.

Ndipo mama akakumbuka: "Kumbe ndiyo maana ile send-off Coaster ilienda kukwama kwenye migomba ya watu!" Wageni walifika chakula kimeshapoa. Familia ile haikurudi, na haikusema kwa nini.

Kulikuwa na jingine gumu zaidi. Akaunti ya kuirekebisha hiyo pini ilikuwa ya kijana aliyelipwa "kuiweka bustani Google", na kijana alishahama mji. Mama hakuwa na barua pepe wala nywila. Yaani mlango wa biashara yake ulikuwa na ufunguo kwa mtu mwingine.

Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio. Mengi hayakuhitaji hela, yalihitaji bando na subira.

1. Jina moja, namba moja

Chagua jina moja na uliandike vilevile kila mahali: bango, Facebook, Instagram, WhatsApp, kadi, risiti. Usiandike "Garden" hapa na "Gardens & Farm" kule. Mteja akiona majina mawili anadhani ni sehemu mbili, na mashine ya kutafuta inachanganyikiwa hivyohivyo.

Usijaze maneno kwenye jina pia. Wengine huandika jina likifuatiwa na "ukumbi wa harusi bei nafuu Arusha send-off kitchen party". Kanuni za Google zinataka jina lile lile unalotumia kwenye biashara halisi. Ukizidisha, wasifu wako unaweza kusimamishwa.

Namba ya simu iwe laini ya shughuli, ikiwezekana isiwe ile unayopigiwa na kila mtu. Iandike kwa kuanza na +255, kwa sababu kuna Watanzania walioko Oman, Uingereza na Marekani wanaopanga harusi za Desemba nyumbani wakiwa hukohuko.

2. Lokesheni iwe getini

Kwa shamba, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Ukumbi wa mjini uko kando ya lami, akikosea kidogo anauona. Wewe uko ndani, kuna njia panda, kuna korongo, kuna uzio wa jirani.

Simama getini, pale gari linapoingilia, wala si katikati ya shamba. Washa lokesheni ya simu, fungua Google Maps, bonyeza na kushikilia kidole pale ulipo mpaka pini itokee. Chini yake utaona kodi fupi yenye herufi, namba na alama ya kujumlisha. Hiyo inaitwa Plus Code. Ni bure, na inafanya kazi hata pale ambapo barabara haina jina. Inakili, itume kwa kila mteja pamoja na lokesheni yenyewe. Kama nyumba yako ina namba ya anwani za makazi, iandike nayo.

Kisha fanya jaribio. Mpe bodaboda asiyekujua ile lokesheni tu, aanzie lami, asiulize mtu. Akifika getini, umefaulu. Akiishia kwa jirani, rekebisha. Kama barabara ya kuingia kwako haijachorwa kwenye ramani, unaweza kupendekeza iongezwe kupitia sehemu ya kuhariri ramani ndani ya Google Maps. Huchukua muda kukubaliwa, kwa hiyo fanya sasa, usisubiri wiki ya harusi.

Na maneno bado yana kazi yake. Andika maelekezo mafupi ya mtu wa huku: "Ukitokea Arusha, kata kushoto kwenye bango letu la kijani, pita kanisani, vuka daraja, geti la pili kulia." Ongeza ukweli wa masika: gari dogo linafika au halifiki? Na kwa sisi wa upande huu, Jumamosi ni siku ya soko la Tengeru na ndiyo siku ya harusi, kwa hiyo waambie wageni watoke mapema.

3. Wasifu wa biashara kwenye Google

Ule ubao unaotokea mtu akitafuta, wenye picha, nyota, saa za kazi na kitufe cha kupiga simu, unaitwa Wasifu wa Biashara. Kuufungua ni bure. Atakayekuambia kuna ada ya mwaka ya kuonekana kwenye ramani, muage kwa heshima.

Ufungue kwa barua pepe ya Gmail ambayo ni yako, nywila iandike kwenye daftari la nyumbani. Kijana akikusaidia, mpe nafasi ya meneja. Mmiliki mkuu uwe wewe. Wale ambao wasifu wao tayari uko mikononi mwa mtu mwingine, msife moyo: ndani ya mfumo kuna ombi la kudai umiliki. Mwenye akaunti hutumiwa taarifa na kupewa siku tatu za kujibu, na akikaa kimya unaweza kupata njia ya kuthibitisha mwenyewe. Hivyo ndivyo mama yetu alivyorudisha ufunguo wake.

Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni wa video. Unarekodi mara moja bila kukata: unaonyesha barabara na bango, kisha eneo lenyewe na vifaa vyako, kisha kitu kinachothibitisha kwamba wewe ndiye msimamizi, mfano kufungua geti au stoo kwa ufunguo wako. Rekodi mchana, tembea taratibu, hakikisha bando linatosha kupandisha.

Kwenye aina ya biashara, ya kwanza iwe ile inayokuletea hela zaidi. Kama ni harusi, chagua ukumbi wa harusi, halafu ongeza ukumbi wa matukio na shamba. Ukiweka "shamba" peke yake, kamati ya harusi haitakuona. Maelezo yana nafasi ya herufi 750 tu, kwa hiyo acha mashairi. Sema idadi ya watu, banda au wazi, vyoo vingapi, maji, umeme na jenereta, maegesho ya magari mangapi, mwisho wa muziki ni saa ngapi, na kama wapishi wa nje wanaruhusiwa.

Watu wa semina wana lugha yao. Watataka kujua kama una mtandao, projekta, chai ya saa nne, ankara kabla ya malipo na risiti ya EFD. Kama unavyo, viandike. Kama huna risiti, ujue taasisi nyingi zitakupita hata bustani iwe nzuri kiasi gani.

Google wenyewe wanasema wanaangalia mambo matatu wakipanga nani aonekane juu: jinsi eneo linavyoendana na kinachotafutwa, umbali kutoka kwa anayetafuta, na umaarufu wa eneo hilo. Nafasi ya juu kwenye ramani hainunuliwi. Umbali huwezi kuubadilisha, shamba liko pale liliko. Lakini mengine mawili yako mikononi mwako.

4. Picha zinazosema kweli

Mteja haji kuangalia maua peke yake. Anataka kujua viti 200 vikipangwa panafananaje, magari yanakaa wapi, vyoo vikoje, mvua ikinyesha watu wanaingia wapi. Piga picha za vitu hivyo. Piga asubuhi au jioni jua likiwa chini, simu ikiwa imelala, lenzi imefutwa vumbi. Picha moja ya geti kutokea barabarani ni lazima, ndiyo inayomsaidia dereva.

Piga za kiangazi na za masika. Ukiweka za Aprili tu nyasi zikiwa kijani kibichi, halafu mtu akaja Septemba akakuta vumbi, umemdanganya. Atakulipa kwa maneno.

Picha za wageni zina sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usiposti bibi harusi au watoto wa watu bila ruhusa yao. Weka sentensi moja kwenye mkataba wako: je, mwenye shughuli anaruhusu picha zitumike au hapana? Akikataa, piga meza na mapambo kabla watu hawajaingia.

5. Kujibu haraka ni sehemu ya kuonekana

Kamati inatuma ujumbe kwa kumbi tatu usiku mmoja. Ukijibu kesho kutwa ukitoka kumwagilia, imekula kwako. Pakua WhatsApp Business, ni bure. Humo unaweka jina, lokesheni, saa za kazi, picha na bei, salamu ya kumpokea mgeni, na majibu ya mkato kwa maswali yanayojirudia. Zingatia: namba moja haiwezi kuwa kwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nilisema uwe na laini yake.

Bei iweke wazi, hata kama ni ya kuanzia. Sema inajumlisha nini: eneo tu, au na viti, umeme, mlinzi, usafi? "Njoo inbox" inachosha watu. Wengi hawaji, wanaenda kwa aliyeandika.

Jambo la usalama: meseji ya "umepokea" inaweza kuwa ya tapeli. Malipo ya awali yathibitishe kwenye salio la akaunti yako kabla hujafunga tarehe. Na tarehe zote ziandikwe kwenye daftari moja tu. Harusi mbili siku moja ni aibu ambayo mtandao hausahau.

6. Nyota na maoni

Umaarufu kwenye ramani unajengwa kwa sehemu kubwa na maoni ya waliokuja. Kwa hiyo omba. Siku mbili baada ya shughuli, mtumie mwenye sherehe ujumbe wa shukrani na kiungo cha kuandika maoni. Usimlipe, usimpe punguzo ili akupe nyota tano, na usiwaambie wajomba ambao hawakuja waandike. Google inakataza yote hayo, na hata msomaji anayanusa maoni ya kupikwa.

Likija baya, jibu kwa adabu, kwa ufupi, bila kubishana. Kisha nenda ukarekebishe shambani. Mama yetu alikuta mtu ameandika kwamba pilau ilikuwa na nzi na upepo ulileta harufu ya samadi. Alitaka kujua jinsi ya kulifuta. Nikamwambia lile ni shauri la ugani la bure! Tulihamisha lundo la samadi upande ambao upepo unatokea bustanini kwenda huko, tukalifunika kwa majani ya migomba na udongo, na sasa halipinduliwi wiki yenye shughuli. Vivyo hivyo, mizinga ya nyuki iwe mbali na spika na taa. Na dawa za kuua wadudu usipulize karibu na eneo la wageni kuelekea siku ya sherehe. Soma lebo, heshimu muda wa kutoingia shambani. Baada ya hapo alijibu yale maoni: "Tunashukuru, tumehamisha samadi, karibuni tena." Msomaji akiona jibu kama hilo anajua pana mtu.

7. Fuata msimu wa sherehe kama unavyofuata mvua

Mahindi hupandi siku ya mvua ya mwisho. Kwaresima na Ramadhani harusi hupungua. Baada ya Pasaka na Idi vikao vinaanza tena. Desemba watu wa Kilimanjaro na Arusha wanarudi nyumbani, na harusi, ubatizo na vikao vya ukoo vinajaa. Ukianza kuposti Desemba umechelewa, wenzako wameshajazwa. Hizo za Desemba zitangaze kuanzia Juni na Julai. Miezi ya ukimya itumie kusaka semina, ziara za wanafunzi na mafunzo ya vikundi. Shamba lako lenyewe, kahawa yako, ng'ombe wako, ni darasa ambalo hoteli ya mjini haina.

8. Tangazo la kulipia liwe la mwisho

Wengi wanaanza hapa: wanalipia tangazo Facebook au Instagram wakati pini iko shuleni na namba haipatikani. Hiyo ni sawa na kuweka mbolea kwenye shamba ambalo halijapaliliwa, unalisha magugu. Maliza kwanza hayo saba. Ukifika kwenye tangazo, anza na kiasi kidogo, lenga mkoa wako na mikoa ambako ndugu zako wa huku wanafanya kazi, na uangalie linaleta simu ngapi, usiangalie "likes".

Utajuaje kama inafanya kazi?

Daftari. Kila anayepiga muulize, "Umetufahamu kupitia wapi?" Andika: bango, rafiki, ramani, Facebook, mpambaji, MC. Mwisho wa mwezi hesabu. Wasifu wa Google nao unaonyesha wangapi walipiga simu na wangapi waliomba njia. Usisahau wapambaji, wapishi na ma-MC. Waombe wakiposti kazi waliyofanya kwako wataje jina la bustani na kuweka lokesheni.

Mama yetu hajatajirika. Mpaka naandika, ana shughuli tano kwenye daftari la nusu ya pili ya mwaka, tatu zikiwa za watu wasiomjua kabisa, na mbili kati ya hizo waliandika "ramani". Marejesho ya kikundi anayalipa. Ng'ombe yuko bandani, na lita anazokamua zinaingia kwenye chai ya semina.

Kazi ya wiki hii basi ni ndogo. Leo jioni mpe jirani simu yake, mwambie atafute bustani yako kama mgeni, wewe ukae kimya uangalie anaishia wapi. Kesho asubuhi simama getini na upige pini. Hayo mengine yatafuata.

Tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye parachichi: jinsi ya kupogoa mti ambao umeota majani tu hauzai. Kazi njema.